Kimya cha Wilma Dean Coots

Katika bonde zima la Harlow Fork hakukuwa na mdomo mwepesi kama wa Wilma Dean Coots, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiri hilo. Zamani alipokuwa mshika fedha kwenye duka la vyakula, foleni yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Si kwamba alikuwa mzito wa mikono. Watu walikubali kusimama ili waondoke na habari pamoja na unga wao. Ungeingia kununua chumvi ukatoka unajua binti wa nani ameachika, nani amepunguzwa mgodini, na pikapu ya nani imeonekana imeegeshwa mahali ambapo haikuwa na shughuli yoyote ya halali.

Migodi ilipofifia duka nalo likafungwa, na Wilma Dean akapanda kilima kwenda kuomba kazi ya mapokezi katika kliniki ya ushauri nasaha iliyo nyuma ya posta. Huko ndiko wanakokwenda watu wenye huzuni isiyokoma, watu wanaoamka wakipiga kelele, watu walionaswa na pombe au vidonge na sasa wanataka kujinasua. Mkuu wa kliniki alikuwa mshauri aitwaye Marguerite Salyer, mzaliwa wa bonde lile lile, aliyekwenda chuo kikuu mjini kisha akafanya jambo ambalo wasomi wengi wa milimani hawalifanyi: akarudi. Alipoona jina la mwombaji alicheka hadi akavua miwani. Halafu akamwita ndani, akamkalisha, akamwambia, "Wilma Dean, kila utakachokijua humu kuanzia leo si chako."

Watu wakaanza kubishana atadumu muda gani. Arvil, mume wake, alimpa wiki mbili, na hiyo ni kwa sababu alikuwa anampenda. Geneva, dada yake Arvil, alisema wifi yake hatafika hata chakula cha mchana.

Wote walikosea. Hawakujua kwamba mtu anayeijua thamani ya habari ndiye anayejua vizuri zaidi madhara yake ikimwagika. Wilma Dean alikaa kwenye dirisha lile akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kule dukani: sura ya mtu anapoambiwa kwamba hapa hatasemwa. Mabega yanashuka. Kofia inayokunjwakunjwa mikononi inatulia. Aliipenda sura hiyo kuliko alivyowahi kupenda umbea wowote, na umbea alikuwa ameupenda sana.

Kila mgeni hupewa karatasi za kueleza jinsi kliniki inavyoweza kutumia na kutoa habari zake. Ni karatasi nyingi, zina herufi ndogo kama sisimizi, na karibu kila mtu hutaka kutia sahihi bila kusoma. Wilma Dean alikataa. Alimweka mtu kwenye kiti, akasukuma karatasi pembeni, akamwambia kwa maneno yake.

"Sikiliza, mwanangu. Utakayoyasema humo ndani ni yako. Mshauri wako anaweza kuongea na daktari mwingine anayekutibu, ili wasikupe dawa zinazogombana. Lakini kama umekuja kwa ajili ya pombe au vidonge, ukuta ni mnene zaidi, hata huyo daktari haambiwi mpaka uridhie. Bima itaambiwa kile tu kinachohitajika ili ilipe. Ukituambia unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hatutanyamaza. Mtoto akiwa anaumizwa, hatutanyamaza. Jaji akitoa amri iliyonyooka, atapewa alichoamuru na si zaidi. Basi. Mkeo akipiga simu, sikujui. Mama yako akipiga, sikujui. Mchungaji akija na Biblia kwapani, sikujui. Ukitaka mtu fulani aambiwe, andika jina lake kwa mkono wako, na siku ukibadili mawazo tutalifuta."

Na kwa waliopiga simu kuulizia watu alikuwa na jibu moja, alilofundishwa na Marguerite na ambalo alilikariri mpaka likawa kama wimbo: siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Mji mzima uliushika wimbo huo. Wanaume wa kituo cha mafuta walimuuliza kama leo ni Jumanne, kisha wakamjibia wenyewe kwa pamoja. Watoto waliocheza kombolela waliutumia walipoulizwa mwenzao amejificha wapi. Arvil akiulizwa na mgeni kama ndani kuna mkate wa mahindi, alikuwa anashika kifua kwa heshima na kusema hawezi kuthibitisha. Wilma Dean alicheka nao. Kwake kila mzaha ulikuwa ushahidi kwamba ukuta umesimama.

Kulikuwa na kanuni moja zaidi, nayo ilihusu nje ya kliniki. Marguerite alimfundisha kwamba akikutana na mgonjwa barabarani asimsalimie kwanza. Amwache mgonjwa mwenyewe achague kama anataka kuonekana anamjua mtu wa kliniki. Ni kanuni nzuri, inafundishwa katika vyuo vyote vya kazi hiyo, na Wilma Dean aliishika kama amri ya Mungu.

Ila Harlow Fork ni mahali ambapo dereva huinua kidole kutoka kwenye usukani kusalimia kila gari linalopita, hata la mtu aliyemshitaki mahakamani. Hupiti baraza la mtu bila kupaza sauti. Hata Wilma Dean hakuona mahali kanuni na bonde vilipogongana. Wala Marguerite hakuona.

Estill Combs alikuja kliniki baada ya mafuriko.

Estill ndiye nahodha wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, mwanaume mwenye mabega kama mlango wa ghala. Siku ambayo mto uliingia ndani ya nyumba za watu, yeye na vijana wake walikwenda na kamba na boti ya kuvulia samaki wakawatoa watu juu ya mapaa. Arvil Coots alikuwa mmoja wa waliotolewa, amekumbatia bomba la moshi kama mtoto aliyeshika shingo ya mama yake. Estill alitoa watu wengi hata hakumbuki nyuso zao. Uso alioukumbuka ulikuwa wa Bi. Ocie, mwalimu wake wa darasa la pili, ambaye mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Estill, kisha haukuwamo.

Bonde zima likamwita shujaa. Wakampikia keki, wakamwekea bango mbele ya kituo. Kila aliyempongeza alimwongezea jiwe kifuani. Akaacha kulala, akaacha kula na familia, akawa anakaa ndani ya pikapu yake nje ya nyumba yake mwenyewe, injini imezimwa.

Alipofika dirishani hakukaa. Alisikiliza maelezo yote ya Wilma Dean akiwa amesimama, kisha akainama karibu na kioo.

"Wale vijana wanaingia motoni kwa sababu wanaamini mimi sitetemeki," akasema. "Siku nitakayosikia mtu ananiuliza naendeleaje kwa ile sauti ya msibani, sirudi hapa tena. Na nisiporudi, Wilma Dean, sijui kitakachotokea."

Wilma Dean alimwambia kwamba kwake halitatoka neno. Alikuwa akiamini hivyo kwa moyo wake wote.

Majira yale ya baridi Estill hakukosa hata mara moja. Kwa ushauri wa Marguerite alipeleka bunduki zake kwa kaka yake, kwa kisingizio kwamba ghala lake linavuja. Akaanza kulala kidogo. Siku moja alicheka mle ndani, kicheko kikapenya mlango hadi mapokezi, na Wilma Dean akainamia kompyuta yake asionekane jinsi alivyofurahi. Hakumwambia mtu. Alibeba furaha ile hadi nyumbani, akala nayo maharage, akalala nayo.

Jumapili moja ya mwanzo wa masika, baada ya ibada, alikuwa jikoni chini ya kanisa akimenya viazi na wifi yake Geneva. Chakula cha pamoja kilikuwa kinaandaliwa, wanaume wako nje wanajisifia wapi uyoga wa masika umeanza kuota, lakini bila kutaja mahali.

Geneva ndiye aliyeongoza mnyororo wa maombi. Mtu akiugua, yeye hupigiwa simu, naye huwapigia wengine, na kabla ya chai kupoa bonde lote liko magotini. Si mwanamke mbaya. Mazulia ya chumbani kwake yamechakaa mahali anapopigia magoti. Ila aliamini kwamba ombi lisilo na jina Mungu hulipokea kwa kusitasita, kama posta inavyopokea kifurushi kisicho na anwani.

"Wifi," Geneva akasema, "Jumatano nitamwombea Estill Combs. Mbele ya kanisa, kwa jina."

Kisu cha Wilma Dean kikasimama. "Estill ana nini?"

"Mnaojua ni nyinyi. Si anakuja kwenu?"

"Siwezi kusema ndiyo, siwezi..."

"Usijichoshe, ulishasema." Geneva alifuta mikono kwenye aproni yake, akageuka ili aufaidi ushindi wake vizuri. "Jumamosi ile pale dukani kwa Ison tuliponunua rangi. Ison ulimsalimia. Yule mzee kiziwi ulimsalimia kwa kupiga kelele hadi makopo yakalia. Mbwa wa Ison, wifi, nilikusikia kwa masikio yangu unamuuliza mbwa habari za mguu wake. Na Estill amesimama pale pale na misumari mkononi, ukampita kama nguzo ya umeme. Estill, aliyemtoa kaka yangu juu ya paa. Nikasema, hawa wawili hawawezi kuwa wamegombana."

Wilma Dean aliinamia beseni la viazi.

"Basi nikapiga simu kwenu. Nikauliza kama Estill yuko hapo, ukaniimbia wimbo wako. Nikauliza kama Ndugu Hobert yuko hapo. Ukacheka. Ukasema, Geneva, acha upuuzi, mchungaji wetu hajawahi kukanyaga huku." Akachukua kiazi kingine. "Hujawahi kuniambia kitu hata siku moja, na umeniambia vyote. Watu usiowasalimia nawajua wote, wifi. Nawaombea kila usiku."

Mapipa ya maji ya mto ule wa mafuriko yangemwagwa juu ya Wilma Dean asingehisi baridi kama ile. Miaka yote aliyoziba mdomo, kimya chake kilikuwa kinatembea mjini kinanyooshea watu vidole. Na sasa ona alivyobanwa. Akimwambia Geneva usimtaje Estill, amethibitisha. Akimwambia unakosea, amedanganya, na Geneva angeuona uongo huo usoni mwake kabla haujafika mdomoni. Akinyamaza, Jumatano jina litatajwa, na Alhamisi kila mtu atamuuliza Estill kwa sauti ya msibani. Aliendelea kumenya viazi. Alivimenya hadi vikabaki vidogo, hata Geneva akamuuliza kama anataka kuwalisha ndege.

Jumatatu asubuhi alimweleza Marguerite kila kitu, amesimama, kama mtu aliyekuja kurudisha funguo za kazi. Marguerite alisikiliza hadi mwisho, akakaa akitazama dirishani.

"Kanuni ile nilifundishwa na profesa wa mjini," akasema. "Watu wa jengo lake wanapanda lifti moja hadi juu bila hata kutazamana. Kwake kutosalimia ni kutosema kitu. Na mimi nimezaliwa hapa, Wilma Dean. Mimi ndiye niliyepaswa kuona."

Hawakupoteza muda kulaumiana. Walikubaliana kwamba siri inayolindwa kwa wagonjwa peke yao hailindi mtu, kwa maana inawachorea mstari wa kuwaonyesha. Lazima watu wote watendewe sawa. Marguerite alipendekeza kwamba basi Wilma Dean asisalimie mtu yeyote kabisa. Wilma Dean alisema akifanya hivyo hapo Harlow Fork, kabla ya Ijumaa watu watamleta yeye kliniki wamemfunga kamba. Kwa hiyo wakageuza kinyume. Atasalimia kila mtu, yeye wa kwanza, kwa sauti ile ile, na hatamuuliza mtu yeyote zaidi ya habari za mvua. Na kwenye simu jibu litakuwa lile lile hata wakimuulizia malaika Gabrieli.

Siku hiyo hiyo Arvil akapiga simu akiuliza kama mkewe ameshatoka.

"Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana."

"Wilma Dean, ni wewe unayeongea."

"Hilo nalo siwezi kulithibitisha, bwana."

Arvil alikata simu, akakaa kwenye baraza, akamwambia mbwa wao kwamba mke sasa amempoteza kabisa.

Lakini Jumatano ilikuwa inakuja. Na kabla yake kulikuwa na jambo gumu kuliko yote, ambalo wengi wangelikwepa: kumwambia mwenyewe. Habari ni zake, na kosa juu ya habari zake lazima alijue. Jumanne walimwita Estill. Marguerite alisema kliniki imekosea, Wilma Dean akasema ni yeye, akaeleza jinsi alivyokosea, bila kumtaja aliyegundua, ingawa Estill alimjua mara moja maana ni nani mwingine. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alivaa kofia yake taratibu kama mzee sana.

"Mlinitendea vizuri," akasema, na kwa jinsi alivyolisema walijua ni kwaheri.

Jumatano jioni Wilma Dean aliingia kanisani na Arvil, akakaa mahali pao pa siku zote. Hakuwa na mpango. Alikuwa amesalimia kila kiumbe njiani, magari, wazee, watoto, mpaka kidole kikamuuma, na bado hakuwa na mpango. Estill alikuwepo, amekaa na mkewe Nadine karibu na ukuta, mgongo umenyooka. Alikuwa amekuja kwa sababu kama asingekuja, hilo nalo lingesemwa.

Ndugu Hobert akauliza nani ana ombi. Mmoja akataja goti lake. Mwingine akataja mjukuu aliye jeshini. Kisha mjane mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono akasema neno moja tu, "Lisilosemwa."

Ndugu Hobert akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hivyo ndivyo ilivyo katika makanisa yale tangu enzi za mababu: mtu mwenye jambo asiloweza kulitamka huinua mkono, husema lisilosemwa, na kanisa zima humwombea bila kumuuliza, si leo wala kesho. Wilma Dean alikulia ndani ya desturi hiyo. Zamani za dukani ilikuwa inamkera kama sufuria iliyofunikwa. Sasa aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kabla ya karatasi zote za kliniki, kabla ya sheria ya serikali, kabla ya maprofesa wa mjini, bonde lake mwenyewe lilikuwa tayari linajua. Mababu zao waliochimba makaa ya mawe walikuwa wamekubaliana kwamba mtu anaweza kusaidiwa bila kufunuliwa.

Geneva alikuwa ameshaanza kuinuka.

Wilma Dean akamtangulia. Alisimama kwa haraka hata kitabu cha nyimbo kikaanguka. "Ndugu Hobert," akasema, "na mimi nina lisilosemwa. Na naomba kitu kimoja. Kila mwenye lake humu ndani ainue mkono sasa hivi, sote pamoja, asiwepo mtu wa kutazamwa peke yake."

Akainua mkono wake juu kabisa, akabaki hivyo.

Kwa muda ambao Wilma Dean aliuona mrefu kuliko majira yote ya baridi, mkono wake ulikuwa peke yake hewani. Kisha pembeni yake Arvil, ambaye hakuwahi kuomba kitu kanisani tangu siku ya harusi yao, akainua wake, na Wilma Dean akatambua kwamba miaka yote hii mume wake alikuwa na jambo ambalo hata yeye hakulijua, akaapa moyoni kwamba hatauliza. Ison wa duka la vifaa akainua. Mzee kiziwi alitazama huku na huku, akaelewa bila kusikia, akainua. Mikono ikapanda safu kwa safu, ya wachimba makaa yenye alama nyeusi za zamani chini ya ngozi, ya wanawake wenye unga kwenye kucha, ya vijana wa zimamoto, mmoja, kisha wengine, wanaume ambao hawatetemeki. Ndugu Hobert mwenyewe, pale mimbarini, akaweka Biblia chini ili apate mkono wa kuinua.

Estill Combs alitazama ule msitu. Alitazama hasa vijana wake. Kisha mkono ule mkubwa ukapanda, polepole, ukaingia katikati ya mikono mingine, ukapotea humo.

Aliyebaki kuonekana kanisa zima alikuwa Geneva, amesimama, mikono chini, jina la mtu liko kwenye ncha ya ulimi. Aligeuka huku na huku. Alikuwa ametafuta kwa miaka ni nani katika bonde ana jambo, na jibu lilikuwa mbele yake, nalo lilikuwa kila mtu. Wilma Dean alimtazama bila hasira. Alijua, kwa undugu na si kwa kazi, kwamba Geneva alikuwa na lake pia, jambo ambalo hakuwahi kulipitisha kwenye mnyororo wake wa simu. Jambo hilo ni la Geneva, na halitaandikwa hapa.

Geneva akalimeza lile jina. Akainua mkono. "Na langu," akasema, "lisilosemwa." Akaketi kama mtu aliyetua mzigo.

Ndugu Hobert aliposema tuombe, kanisa lile liliomba kama wanavyoomba wao, wote kwa mara moja, kila mtu kwa sauti yake, hata hutasikia la jirani yako kwa jinsi unavyolia la kwako. Madirisha yalitikisika. Mvua ilikuwa imeanza nje, na wapo watu ambao tangu mafuriko hawakuwahi kusikia mvua bila kushika ukingo wa kiti. Jioni ile hakuna aliyeisikia.

Alhamisi hakuna aliyemuuliza Estill kitu. Geneva alipokutana naye posta alimwambia kwamba mvua imezidi, akapita. Ilimgharimu, maana Wilma Dean alikuwa ng'ambo ya barabara na aliona wifi yake anavyoung'ata mdomo.

Siku ya miadi ya Estill ilipofika, Wilma Dean aliacha kutazama saa. Alipanga kalamu. Akazipanguapangua, akazipanga upya. Muda ukafika, ukaanza kupita, na Marguerite akatoa kichwa mlangoni, akaona kiti kitupu, akakirudisha kichwa ndani.

Ndipo mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia pamoja na yule mwanaume. "Kuna mti umeanguka barabarani," Estill akasema. "Ilibidi tuukate kwanza."

"Habari za mvua?" Wilma Dean akauliza, kwa sauti ile ile anayomuulizia kila mtu.

"Mvua ipo." Alisimama akizungusha kofia. "Ile karatasi ya kuandika jina la mtu ambaye ninyi mnaweza kuongea naye. Bado mnayo?"

Wilma Dean alimpa. Estill aliandika jina la Nadine kwa herufi kubwa za mtu asiyetaka likosewe. Kisha akauliza kama lazima aandike pia majina ya vijana wake wa kikosi, maana alikuwa anafikiria kuwaambia habari za Bi. Ocie. Wote. Kwa kuwa aliiona mikono yao.

"Hapana, Estill," Wilma Dean akasema. "Sheria inanifunga mimi. Wewe haikufungi. Mdomo ni wako, habari ni yako, mwambie unayemtaka na umnyime usiyemtaka. Hakuna karatasi ya hilo duniani."

Estill akasema atawaambia Jumamosi, wakimaliza kuosha gari la zimamoto. Akaingia ndani kwa Marguerite, mlango ukafungwa.

Na hapo Wilma Dean Coots, aliyeshinda vita kubwa kuliko zote za maisha yake na ambaye hakuwa na ruhusa ya kumwambia binadamu hata mmoja, alitafuta mahali pa kuiweka furaha yake. Alisubiri hadi Estill alipoondoka. Akaingia kwenye stoo ya vifaa, kati ya maboksi ya karatasi na mashine mbovu ya kutoa nakala, akafunga mlango, akaanza kucheza. Alicheza ile ngoma ya milimani ya visigino na vidole, mwili umenyooka, miguu peke yake ndiyo inayosema, kama walivyocheza bibi zake kwenye mabaraza ya mbao. Sakafu iliitika. Kalamu zilidondoka rafuni.

Marguerite alifungua mlango kuona nini kinavunjika. Alimkuta karani wake ana jasho, nywele zimefunguka. Msomi wa chuo kikuu alivua viatu vyake vya ofisini, akavisukuma pembeni kwa mguu, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.